Saa Mbili Ndani ya Programu Moja

Chukua onyesho hili. Muziki unaanza pale mwanamke anapowasha taa, na sekunde 38.2 baadaye mlango unabamizwa. Mwongozaji anataka bamizo hilo lidakwe na pigo la kwanza la kipimo kipya, ngoma na tarumbeta kwa pamoja. Wewe umeshapata wazo lako, umelicheza kwenye kinanda kwa mwendo wa mapigo 96 kwa dakika, na kwa mwendo huo linapumua vizuri. Sasa piga hesabu: 38.2 mara 96, gawa kwa 60. Jibu ni mapigo 61.12. Kama muziki wako ni wa mapigo manne kwa kila kipimo, mlango unabamizwa ndani ya kipimo cha 16, kitambo kidogo baada ya pigo la pili. Si pigo la kwanza, wala si pigo lolote. Umeangukia kwenye ufa.

Njia za kutoka hapo ziko kadhaa, na zote ni hesabu za shule ya msingi. Ukishusha tempo, yaani mwendo huo, hadi 94.24, mapigo 60 yanakwisha sawasawa kwenye sekunde ya 38.2, na mlango unaangukia pigo la kwanza la kipimo cha 16. Tofauti na 96 haifiki asilimia 2, ingawa kuna mawazo mengine ya muziki ambayo hata hiyo huyachosha. Ukitaka kubaki karibu na 96, tumia 95.81 na ufanye kipimo kimoja kiwe cha mapigo matano: vipimo 14 vya mapigo manne na kimoja cha matano vinatoa mapigo 61. Au acha tempo ileile ya 96, weka hicho kipimo cha mapigo matano, kisha chelewesha mwanzo wa muziki kwa sekunde 0.075. Hizo hazifiki hata fremu mbili za sinema, yaani picha mbili kati ya zile moja moja zinazounda filamu. Hakuna atakayelalamika kwamba muziki haukuingia papo hapo taa ilipowaka, hasa kama unaanza na fidla zinazojitokeza polepole.

Mimi huanza na hii ya mwisho, kwa sababu hailigusi wazo lenyewe. Kipimo cha mapigo matano nakificha chini ya mazungumzo, mahali tuni imeshuka na hakuna mtu anayehesabu. Wasikilizaji hawahesabu vipimo. Wanaohesabu ni wapiga ala, nao wamezoea.

Nimeanza na hesabu hii kwa sababu watu wengi wakiingia kwenye kazi ya muziki wa filamu hudhani kuoanisha muziki na video ni suala la kubofya kitufe: unaburuta video ndani ya programu ya sauti, picha inatembea, unatunga. Picha inatembea kweli. Lakini ndani ya programu hiyo sasa kuna saa mbili. Moja inahesabu sekunde na fremu, nayo ni ya mhariri wa picha. Ya pili inahesabu vipimo na mapigo, nayo ni yako. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na karibu kila tatizo la kuoanisha nililowahi kulikuta, langu au la mwenzangu, limetokana na kutoamua mapema ni saa ipi inayotawala na ni ipi inayofuata.

Jibu langu halijawahi kubadilika: picha ndiyo inayotawala. Muziki ndio unaopinda.

Kwenye programu, uamuzi huo una mahali pake. Kila treki inaweza kufungwa kwenye wakati au kwenye mapigo. Cubase ina kitufe kidogo kwenye treki kinachochagua kati ya hayo mawili. Pro Tools inauita wakati sampuli (vile vipande vidogo vidogo ambavyo kompyuta huigawa sauti) na mapigo tiki. Reaper ina mpangilio wa msingi wa wakati kwa mradi mzima na kwa treki mojamoja, na Logic inakuruhusu kukipiga kufuli kipande kwenye nafasi yake ya taimukodi, ile namba ya saa, dakika, sekunde na fremu inayotambulisha kila fremu. Mazungumzo ya wahusika, sauti za matukio, muziki wa muda aliouweka mhariri, na alama zote za mahali muziki unapotakiwa kukutana na picha: hivyo vyote fungia kwenye wakati. Noti zako za MIDI, zile amri za noti zinazochezwa na ala za kompyuta, ziache kwenye mapigo. Usipofanya hivyo, siku utakayoshusha tempo kutoka 96 hadi 94.24, alama ya mlango nayo itasogea pamoja na muziki. Utatazama skrini, utaona alama imekaa pale pale kwenye kipimo cha 16, utaridhika, na mlango wenyewe utakuwa umeachwa nyuma. Hili ni kosa baya kwa sababu macho yanakuambia kila kitu kiko sawa.

Baada ya hapo ndipo zana za kutafuta tempo zinapokuwa na maana. Digital Performer, ambayo kwa miaka mingi imekuwa kipenzi cha watunzi wa filamu, inaweza kupewa orodha ya alama, kila moja na uzito wake, kisha ikakutafutia tempo zinazogonga nyingi kati ya hizo kwa ukaribu unaoutaka. Cubase ina zana ya kuushika mstari wa kipimo na kuuvuta mpaka kwenye fremu, na tempo inajirekebisha yenyewe. Logic ina treki ya kufungamanisha mapigo na matukio. Zote zinafanya ile hesabu ya mlango, kwa haraka zaidi. Lakini hazijui kwamba mlango ni muhimu na mtu kugeuza shingo sekunde nne kabla si muhimu. Ukizipa alama kumi na mbili zenye uzito sawa, zitakuletea ramani ya tempo inayopanda na kushuka kama mtu aliyelewa, na muziki utakaotoka humo hautachezeka.

Kwa hiyo punguza alama. Katika kipande cha dakika mbili, mimi huridhika na makutano mawili au matatu ya kweli. Mengine yatajitokeza yenyewe. Ni jambo la ajabu kidogo: ukiweka muziki wenye mapigo imara chini ya picha iliyohaririwa vizuri, jicho la mtazamaji linaunganisha hatua, miguso na mapigo ambayo hukuyapanga kabisa. Muziki unaofuata kila kope inapopepesa ni wa katuni, na kwenye katuni unapendeza. Kwenye onyesho la msiba unachekesha.

Katuni, kwa kweli, ndiko ufundi huu ulikokomaa. Mwishoni mwa miaka ya 1920, kwenye studio ya Disney, Carl Stalling na wenzake walihitaji njia ya kuwafanya wapiga ala waende sambamba na michoro iliyokwisha kupangwa fremu kwa fremu. Hapo ndipo mlio wa kliki, mlio mfupi unaohesabu kila pigo, ulipoanza kutumika. Baadaye ikawa kawaida kutoboa matundu kwenye njia ya sauti ya filamu. Kila tundu likipita kwenye mashine lilitoa mlio, na wapiga ala waliusikia kwenye visikizi. Kwa kuwa filamu inakwenda fremu 24 kwa sekunde, yaani 1440 kwa dakika, tempo ilitajwa kwa idadi ya fremu kati ya kliki na kliki. Fremu 12 ni mapigo 120 kwa dakika. Fremu 16 ni 90. Katikati waligawa fremu kwa nane, kwa hiyo kliki ya fremu 12 na sehemu tatu za nane inatoa mapigo 116.36. Ndiyo maana mtunzi wa leo anayeandika tempo yenye desimali asijione mshamba. Desimali zilikuwepo kabla ya kompyuta, zikiwa matundu kwenye ukanda wa filamu.

Njia nyingine ya zamani inayohusishwa na Alfred Newman, aliyekuwa mkuu wa muziki wa studio ya 20th Century Fox, haikutaka kliki kabisa. Filamu ilikwaruzwa mstari wa mshazari kwenye fremu nyingi mfululizo, ili ikionyeshwa, mstari wa wima utembee kwenye skrini kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukifika mwisho, tundu lililotobolewa linamulika kama radi. Kondakta anauona mstari ukija, anajua ana sekunde chache, anaharakisha au anavuta, na mmweko ukitokea okestra inagonga. Programu kadhaa bado zinaweza kuchora mistari hiyo juu ya video. Ukirekodi wapiga ala hai kwenye kipande cha hisia, chenye mwendo unaopumua, mistari inayotembea inashinda kliki. Kliki inakupa uhakika na inakunyima pumzi. Kwa kipande cha mbio na mapigano, kliki bila majadiliano.

Sasa twende kwenye upande usio na ushairi, wa kasi za fremu. Hapa sitaki kupita haraka, maana hapa ndipo muziki mzuri unapoharibika bila mtunzi kujua.

Sinema inakwenda fremu 24 kwa sekunde. Televisheni za nchi zilizofuata mfumo wa PAL zinakwenda 25. Marekani mwaka 1953, ilipokuja televisheni ya rangi, wahandisi walilazimika kupunguza kasi ya fremu 30 kwa sehemu moja katika elfu ili mawimbi ya rangi na ya sauti yasigombane, ikawa 29.97. Kutoka hapo ikazaliwa 23.976, ambayo ni 24 iliyopunguzwa kwa kiasi kilekile. Televisheni ile ya zamani imeshakwenda makumbusho, lakini namba zake bado ziko kwenye kamera na kwenye programu zetu, na zitatuzika.

Tofauti ya 24 na 23.976 inaonekana ndogo kiasi cha kupuuzwa. Usiipuuze. Moja katika elfu ni sekunde 3.6 kwa saa. Kwenye kipande cha dakika mbili ni sekunde 0.12, karibu fremu tatu. Muziki wako utaanza sawa na kumalizika vibaya, na kwa kuwa mwanzo uko sawa utamlaumu kila mtu isipokuwa mpangilio wa mradi. Hiyo ndiyo dalili ya kukumbuka: kosa linalokua kadiri muda unavyokwenda ni kosa la kasi, ya fremu au ya sampuli. Kosa lililo lilelile mwanzo hadi mwisho ni kosa la mahali pa kuanzia, au la kifaa kinachochelewesha. Ukishajua ni lipi kati ya hayo mawili, nusu ya kazi ya kulitafuta imekwisha.

Kuna pia ile taimukodi inayoruka namba, inayotumika na 29.97. Watu huiogopa kwa jina lake, wakidhani picha zinatupwa. Hakuna picha inayotupwa. Zinazorukwa ni namba tu: namba mbili za kwanza katika kila dakika, isipokuwa dakika ya 0, 10, 20 na kuendelea, jumla namba 108 kwa saa, ili saa ya taimukodi ilingane na saa ya ukutani. Unachotakiwa kujua ni kama mhariri anaitumia au haitumii, kisha uweke mradi wako vivyo hivyo.

Kwa upande wa sauti, kiwango cha kazi ya picha ni sampuli 48,000 kwa sekunde. Kwa fremu 24 kila fremu inapata sampuli 2,000 kamili, kwa 25 inapata 1,920, na hata kwa 23.976 inapata 2,002 bila mabaki. Kiwango cha CD, 44,100, kiache kwenye CD. Faili ya 44,100 ikisomwa kana kwamba ni ya 48,000 inakwenda kasi kwa karibu asilimia 9 na sauti inapanda nusutoni moja na nusu hivi. Hilo angalau linasikika mara moja. Filamu ya fremu 24 ikiharakishwa hadi 25 kwa ajili ya televisheni, muziki unapanda takriban asilimia 70 ya nusutoni, na mwenye sikio kali anasikia kwamba okestra nzima imepandishwa na mkono asioujua.

Kabla ya kuandika noti moja, basi, mwombe mhariri mambo haya: kasi ya fremu kwa maandishi, si kwa mdomo, video yenye taimukodi iliyochorwa juu ya picha, na mlio wa fremu moja uliowekwa sekunde mbili kamili kabla ya fremu ya kwanza. Kwa desturi filamu huanzia saa 01:00:00:00 ya taimukodi, na mlio huo hukaa 00:59:58:00. Ukiingiza video, simamisha picha mahali popote na ulinganishe namba zilizochorwa na namba za programu. Kisha nenda mwisho wa video ulinganishe tena. Mwanzo peke yake hauthibitishi kitu.

Aina ya faili nayo ina neno. Video za H.264 ni nyepesi kutuma, lakini zinahifadhi picha kamili mara chache na katikati zinaandika mabadiliko tu, kwa hiyo kompyuta inahangaika kila unaporuka kutoka mahali hadi mahali. Kwa kutungia, igeuze kuwa ProRes au DNxHR ya daraja la chini, ambamo kila fremu inajitegemea. Diski itajaa upesi, lakini utaweza kusogea fremu moja moja ukajua unaitazama fremu sahihi. Video za simu na za kurekodi skrini ni balaa lingine: kasi yake ya fremu hubadilika-badilika ndani ya faili moja. Hizo zigeuzwe kwanza ziwe na kasi moja, na anayezigeuza awe mhariri, ili nyote wawili muwe na faili ileile.

Tuseme hayo yote yamekaa sawa. Muziki umegonga mlango kwenye fremu yenyewe, si kabla wala baada, na bado unahisi kama umewahi. Hujaota. Pendekezo la BT.1359 la ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, linasema watazamaji huanza kugundua sauti iliyotangulia picha inapofika milisekunde 45 hivi, ilhali iliyochelewa huvumiliwa mpaka karibu milisekunde 125 kabla ya kugunduliwa. Ndivyo ulimwengu ulivyo: mlio haukufikii kabla hujakiona kilichoutoa. Fremu moja ya sinema ni milisekunde 41.7, na kwa muda huo sauti inasafiri kama mita 14. Aliyekaa viti vya nyuma kwenye ukumbi mkubwa anasikia kila kitu kikiwa kimechelewa fremu moja au zaidi, na hajawahi kudai kiingilio chake. Kwa hiyo pigo kubwa mimi huliweka fremu moja au mbili baada ya tukio. Ile sekunde 0.075 tuliyokuwa tunaihangaikia kwenye mlango, kama muziki ungekuwa umechelewa kwa kiasi hicho badala ya kuwahi, huenda ningeiacha palepale.

Ila hakikisha unachokiona ndicho kilichopo. Televisheni iliyounganishwa kama skrini ya pili huchelewesha picha inapoichakata, na kwenye programu kuna mahali pa kufidia hilo. Cheza ule mlio wa fremu moja na picha yake mara kadhaa, sogeza fidia mpaka viwili hivyo viwe kitu kimoja. Upande wa pili, sauti za ala za kompyuta nazo huchelewa. Fidla za polepole zilizorekodiwa vizuri zinachukua muda kujitokeza baada ya noti kuanza, wakati ngoma zinalipuka papo hapo. Ukizipanga zote kwenye mstari mmoja, ngoma itagonga mlango na fidla zitafika wageni wakiwa wameshakaa. Usizisogeze noti kwa mkono. Ipe treki ya fidla ucheleweshaji hasi, yaani ianze mapema kidogo, ili karatasi ya muziki ibaki safi kwa ajili ya watakaoisoma.

Kisha inakuja barua pepe. Picha ilikuwa imefungwa, yaani uhariri umekwisha, sasa imefunguliwa, wametoa fremu 40 tu. Neno hilo "tu" huwa halikosi. Fremu 40 kwa kasi ya 24 ni sekunde 1.667, na kwa tempo ya 96 ni mapigo 2.67, namba ambayo haina faida kwa mtu yeyote. Usianze kukata muziki. Ingiza video mpya kwenye treki ya pili bila kufuta ya zamani, tafuta mkato ulipo, sogeza alama zote zilizo baada yake kwa sekunde 1.667, ndipo urudi kwenye vipimo. Ukitoa mapigo mawili umepata sekunde 1.25, zinabaki 0.417 za kutafuta. Zisambaze kwenye mapigo 16 yanayofuata: yalikuwa yanachukua sekunde 10, sasa yachukue 9.583, na tempo inapanda hadi 100.17 kabla ya kurudi 96. Kama onyesho lina joto linalopanda, harakisho hilo litaonekana umelitunga. Kama onyesho limetulia, toa kipimo kizima cha mapigo manne, sekunde 2.5, na zile 0.833 zilizozidi zirudishe kwa noti moja iliyovutwa kabla ya sentensi mpya ya muziki. Sijui njia ya tatu inayozidi hizi kwa kipande chenye mapigo dhahiri. Kwa kipande kisicho na mapigo, kilicho mawingu ya sauti tu, kata popote na uunganishe kwa mfifio. Hakuna atakayejua, na ndiyo sababu moja inayofanya mawingu ya sauti yapendwe sana siku hizi.

Wakati wa kutoa faili, toa WAV yenye muhuri wa wakati ndani yake, sampuli 48,000, biti 24. Kwenye jina weka namba ya kipande, toleo, na taimukodi ya kuanzia. Namba kama 3m2, yaani kipande cha pili cha rili ya tatu, bado inaeleweka kila mahali ingawa rili zenyewe hazipo tena. Toa mafungu tofauti, ngoma peke yake, fidla peke yake, yote yakianzia nukta moja hata kama fungu fulani liko kimya dakika nzima ya kwanza. Mwangwi wa mwisho uache uishe wenyewe, kwa sababu fundi wa sauti anaweza kuufupisha lakini hawezi kuurefusha. Akiziburuta faili zako kwenye mradi wake na kuziamuru zikae kwenye muhuri wake, zitakaa. Zisipokaa, angalia kasi ya fremu ya mradi wake kabla ya kuifungua upya ya kwako.